Mkono Uliofungwa kwa Mkanda wa Kochi

Ndugu zangu wazazi, Jumamosi asubuhi uwanja wa shule yetu ulikuwa mahali pa kupendeza. Mwalimu wa michezo alikuwa amewaletea watoto mchezo mgeni, lakrosi. Kila mtoto hupewa fimbo yenye kikapu cha nyavu nchani. Mpira hudakwa kwa nyavu na kurushwa kwa nyavu, mkono hauugusi.

"Mwalimu, huu ni mpira au tunawinda vipepeo?" aliuliza binti wa fundi makochi, na wenzake wakacheka hadi wakakaa chini. Tulimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika.

"Winda kwanza, maswali baadaye," mwalimu alimjibu.

Mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Watoto walianza na mpira laini wa sponji, magoli hayakuhesabiwa, na kila mmoja alitumia mkono aliouzoea. Mpira halisi, mgumu kama jiwe, aliufungia kabatini hadi zipatikane kofia za kukinga uso.

Siku moja fundi makochi alikuja kutazama, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Utawadekeza mpaka lini, mwalimu?"

"Mpaka waupende, fundi."

"Mabingwa wanatumia mikono yote miwili. Nimewaona kwenye simu."

"Kweli kabisa. Mkono wa kushoto utakuja wenyewe."

"Wa binti yangu utakuja wiki hii."

Msimshangae. Kulikuwa na tetesi kwamba shule moja kubwa ya bweni ingekuja kuchagua wachezaji, na fundi alikwisha kuwatangazia wateja wake kwamba binti yake amechaguliwa. Mtoto mwenyewe alikuwa bado anajifunza kudaka.

Fundi akatafuta mpira mgumu mjini, akaununua. Nyuma ya karakana yake akachukua mkanda mpana, ule anaoutandika chini ya makochi, akaufunga mkono wa kulia wa Chiriku kiunoni.

"Baba, umekaza!"

"Nimekaza ndiyo. Nikiuachia utautumia."

Mkewe alichungulia dirishani. "Baba Chiriku, mwache mtoto! Hata mwalimu hajafika huko."

"Mwalimu anafundisha kundi. Mimi nafundisha bingwa. Endelea na sufuria zako."

Mpira wa kwanza Chiriku aliudaka kwa mkono wa kushoto, fimbo ikiyumba. Fundi akapiga makofi kwa furaha. Wa pili akaurusha kwa nguvu zaidi.

"Baba, ngoja kwan..."

Jamani, mtu yeyote akiona kitu kinakuja usoni huinua mkono. Chiriku naye aliinua. Mkanda ukaukatalia. Fundi yule husifika kwamba kochi lake halilegei hata likaliwe na mtu mzito kiasi gani, na siku ile pia kazi yake haikulegea.

Jicho halikuokoka.

Hospitalini daktari alimgeukia baba. "Kwa nini hakujikinga?"

Aliyejibu ni mtoto, bandeji ikiwa imemfunika nusu ya uso.

"Nilijaribu."

Wale wa shule ya bweni walikuja, wakachagua wawili, wakaondoka. Wazazi wengine waliingiwa na hofu wakawatoa watoto wao. Mwalimu akazikusanya fimbo zote, akazirudisha stoo, wakati hakuwa na kosa lolote. Leo uwanja ule umeota majani.

Chiriku sasa huongea kwa nadra. Juzi baba yake alimfuata uani, ameshika ule mpira wa sponji aliokwenda kuuomba kwa mwalimu.

"Mwanangu, njoo turushiane kidogo. Huu ni laini, bonyeza uone."

Msichana akasimama mbele yake, akanyoosha mikono yote miwili.

"Leo unafunga upi, baba?"

Fundi aliingia karakanani akafunga mlango. Mpira ule bado upo uani, mvua inaunyeshea.

FUNZO

Wazazi wenzangu, mtoto anapoanza mchezo mpya, kazi yake ya kwanza ni kuupenda. Mwacheni acheze na mpira laini, akose, acheke, arudie. Mwalimu akisema bado, ni bado. Na wewe unayetaka kusifiwa mtaani, ukitamani sifa za uwanjani, chukua fimbo ukacheze mwenyewe. Uso utakaopigwa uwe wako.