Mbuzi Aliyebaki Ndani ya Lori

Kila siku baada ya masomo, kiranja wa maktaba alifagia, akapanga vitabu, kisha akaketi hoi nyuma ya meza. Wiki hiyo alichoka zaidi. Maktaba ya shule ilikuwa imetengewa fedha kidogo za kununua vitabu, na kila mtu alikuwa na lake.

"Usituangushe kesho kwenye kikao cha kamati," alisema rafiki yake, msichana mwenye sauti kubwa waliyemwita Spika. "Tunataka riwaya mpya za upelelezi. Uliahidi."

"Nimesikia, jamani. Hata kuta zimesikia."

Aliahidi kweli, na yeye mwenyewe alizitamani.

Jioni nyumbani, mdogo wake wa darasa la pili alimsimulia kisa cha mbuzi aliyepotea sokoni, alichokisoma maktabani. Alipofika mahali mbuzi anapopakiwa kwenye lori, akanyamaza.

"Enhe, halafu?"

"Imeisha, dada."

"Imeishaje, na mbuzi yumo ndani ya lori?"

"Ndiyo hivyo. Hadithi zetu zote zinaishia hivyo."

Kiranja alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya wadogo. Karibu kila kitabu kilikuwa kimenyofoka kurasa za mwisho. Kila siku alivipanga bila kuvifungua, na wadogo hawakulalamika kwa sababu walidhani hadithi ndivyo zilivyo. Aliona aibu.

Kwenye kikao cha kamati, Spika alizungumza hadi watu wakapiga miayo. Kiranja akasimama.

"Spika, nilikuahidi, na leo sitatimiza. Sisi tuna vitabu, ila tumevichoka. Wadogo wana vipande tu. Tuwanunulie wao kwanza."

"Msaliti," Spika alinong'ona, akageukia dirishani.

Mwalimu wa maktaba alivua miwani, akafikicha macho. "Wanangu, tumebishana mpaka tumechoka. Fedha hazigawiwi kwa kufuata mwenye sauti kubwa. Ukitaka kutenda haki, mtafute na yule ambaye hajui hata anachokosa."

Mikono ikainuka mmoja mmoja. Wa Spika ulikuwa wa mwisho. "Lakini mwakani ni zamu yetu," akaguna.

Vitabu vilipofika, kiranja alivipanga mpaka mgongo ukamwuma. Alikuwa amesinzia mezani mdogo wake alipomtikisa bega, kitabu kikiwa wazi kwenye ukurasa wa mwisho.

"Dada, amka! Kumbe mbuzi alirudi kwao!"