Chujio Chini ya Gunia

Kila Jumamosi Ningning na baba yake, Mang Crisanto, walipanda kilimani kukagua mtambo wa simu za upepo. Ulikuwa mali ya chama cha wapenzi wa redio wa mji wao, katika mkoa wa Bikol wenye visiwa vingi, na kazi yake ilikuwa kupokea sauti dhaifu kutoka visiwani na kuzirusha upya kwa nguvu. Ningning alikuwa na miaka kumi na miwili, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Baba, leo ndiyo leo! Tukifunga hicho kikuza mawimbi, Lola atasikika kama yuko sebuleni!"

Lola ni bibi yake, mhudumu wa afya katika kisiwa cha Karogkog. Kule simu za kawaida hazishiki, na kiredio chake cha mkononi kilisikika kwa kukwaruza.

"Kwanza chujio, ndipo kikuza," alisema baba, akiunganisha waya wa antena kwenye kopo refu la shaba. "Hili linapitisha mawimbi yetu tu. Mengine yanagonga mwamba."

"Lakini si umesema linakula nguvu kidogo?"

"Linakula, ndiyo. Mlinzi naye hula, mwanangu."

Baba alipotoka nje ya kibanda cha mtambo kukata matawi yaliyougusa mnara, Ningning hakuweza kujizuia. Alifungua chujio, akaunganisha antena moja kwa moja na kikuza. Sauti za visiwani zikatoka safi kabisa! Moyo ulimruka kwa furaha. Kwao, watu wakiimba karaoke na mmoja asisikike, dawa ni moja tu: ongeza sauti. Akalificha chujio chini ya gunia na kufunika sanduku la mtambo.

"Umekaza nati zote?" baba aliuliza.

"Zote."

Asichokijua ni kwamba umeme wa mji ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Mtambo wao ulitumia betri, lakini kituo cha muziki chenye mnara jirani kilikuwa kimezimika.

Mchana umeme ulirudi, na tangazo la kimbunga likaja nalo. Bandari ingefungwa jioni, na baada ya hapo hakuna boti ambayo ingeruhusiwa kutoka. Wanachama walikusanyika dukani kwa Aling Dolor, mwenyekiti wao, ambaye aliita visiwa kimoja kimoja kuuliza nani anahitaji msaada.

"Karogkog, Karogkog, mnanisikia?"

Mkwaruzo tu. Kisha sauti ya Lola ikachomoza, "...uchungu... boti...", ikamezwa tena.

"Uchungu? Nani ana uchungu?" Aling Dolor alipiga kelele. "Karogkog, rudia!"

Kimya.

"Ni mvua hiyo," alisema Boyet, muuza samaki.

"Mvua gani, nawe? Betri ya bibi imekwisha," mwingine akapinga.

Redio ya kawaida ya pale dukani ilikuwa ikipiga muziki wa kile kituo cha kilimani. Ningning aliusikiliza, akakumbuka maneno ya baba kuhusu mawimbi mengine, akaelewa. Aliogopa sana. Asubuhi wote walikuwa wamemsifu kwa zile sauti safi.

"Baba," alisema, machozi yakimlengalenga, "si mvua wala betri. Ni mimi. Nilitoa chujio."

Duka zima lilimgeukia. Baba alimtazama kidogo tu, akanyakua ufunguo wa pikipiki.

"Panda! Utanifokea njiani nikienda polepole!"

Walipanda kilima kwa kasi, matope yakiwarukia hadi usoni. Ningning alivuta chujio kutoka chini ya gunia.

"Kikuza hakichagui," baba alisema huku akimulika kwa tochi. "Kinamkuza Lola, kinaukuza na muziki wa jirani. Muziki umemzidi nguvu, mtambo umekuwa kiziwi. Haya, funga mwenyewe. Antena, chujio, kikuza."

Alikaza nati ya mwisho. Spika ikalipuka:

"Nyie mmeziba masikio kwa pamba? Naita mpaka koo limekauka! Ligaya ameshikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya! Leteni boti!"

"Lola!" Ningning aliruka hadi akagonga kichwa kwenye paa la kibanda.

"Karogkog, tumekupata!" Aling Dolor alijibu kutoka dukani. "Boti inaondoka sasa hivi!"

Ligaya alifikishwa hospitali kabla bandari haijafungwa. Alijifungua mtoto wa kike mwenye mapafu yasiyohitaji kikuza chochote.

Kimbunga kilipopita, Lola aliuliza hewani kulikuwa na tatizo gani siku ile. Ningning alichukua kipaza sauti mwenyewe, akaeleza mbele ya visiwa vyote.

"Basi adhabu yako," alisema Lola, "karaoke mwaka mzima bila kipaza sauti!" Watu walicheka hadi mawimbi yakagongana.

Lakini Jumamosi iliyofuata baba hakucheka.

"Chujio ulilitoa kwa kutojua, hilo nimekusamehe. Ila ulipojibu 'zote' ulijua unaficha. Ligaya aliokolewa na lile neno la dukani, 'ni mimi'. Kosa likisemwa mapema hurekebishika, mwanangu. Likifichwa, hulipiwa na wasiohusika."

Akampa spana. Ningning alifanya kazi hadi jasho likamtoka.

"Umekaza nati zote?"

Alifungua mdomo kujibu, akaufunga. Akarudi kwenye sanduku, akaijaribu kila nati kwa mkono. Moja ilicheza. Akaikaza.

"Sasa zote, Baba."