Nilipika Machicha, Baba Akaapa

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Mji wa Kale hapa Mombasa. Niliolewa, nikaachika, mtoto sikujaaliwa, nikarudi kwa baba. Wanaonijua watawaambia nina mdomo, na si uongo. Siogopi mtu. Lakini siku moja tu nilipotakiwa niufungue huo mdomo, niliufumba... na hiyo ndiyo siku iliyonimaliza.

Baba yangu alikuwa akiuza kahawa tungu kwenye baraza ya nyumba yetu. Kazi ya ndani ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekaanga buni, nikatwanga kwenye kinu, nikatia tangawizi kavu, kisha baba akaketi nje na dele lake la shaba juu ya mkaa. Mama alikwisha kufariki, ndugu sina. Tulikuwa wawili tu.

Watu walikuja kutoka Ganjoni, kutoka Buxton, hata wakubwa wa Kizingo wakiacha magari yao huko nje kwa sababu kichochoro chetu hakipitishi gari. Walikaa wakinywa, wakizungumza siasa na mpira na maradhi yao. Baba hakutia sukari, wala hakuuza iliyolala. Aliwaambia watu, "Hii haina mchanganyiko," na walimwamini kama wanavyomwamini imamu.

Kisha akaugua homa kali, wiki tatu kitandani. Alipoinuka, aliniita chumbani akafunga mlango. Akaniambia pua yake imekufa. Hasikii harufu, hasikii ladha. Akinywa kahawa ni kama anakunywa maji ya moto! Akanishika mkono, akasema, "Usimwambie mtu, mamangu. Wewe utanionjea."

Basi kila alfajiri nilionja, naye akiniuliza kama ni njema. Nikimwambia ni njema, alitoka nje kifua mbele. Hakuuliza mara mbili. Mnaona nilivyoaminiwa?

Mwaka huo huo wakaja wenye maduka ya kahawa. Kampuni yenye matawi kila pembe ilifungua barabarani, hatua chache kutoka kwetu. Vioo, viti vya kuzama, kiyoyozi, intaneti ya bure. Haujapita muda, wapinzani wao nao wakafungua mkabala! Hawa wakishusha bei, wale wanatoa kikombe cha pili bure. Hawa wakileta keki, wale wanaleta barafu. Vita vya mafahali wawili hivyo, na nyasi ni sisi.

Nilikwenda kuionja kahawa yao, nisisemwe kuwa nina husuda. Lo! Juu povu, katikati maziwa, na chini ladha ya kitu kilichoungua. Nilisema kwa sauti, dukani mwao, kwamba hii ni maji ya kuoshea sufuria. Rafiki yangu Zaituni, niliyesoma naye, alikuwa mhudumu hapo. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Lakini vijana walihama. Makarani walihama. Na buni nayo ikapanda bei, maana hayo makampuni yalikuwa yakinunua kwa malori. Baba alibaki na wazee wake, na baadhi ya waliochoshwa na povu wakarudi wakisema wanataka kahawa ya kweli. Usiku nilimsikia baba akiomba dua asifunge baraza angali hai. Aliogopa aibu kuliko njaa.

Sasa sikilizeni nilivyopotea.

Pale dukani kwa akina Zaituni palikuwa na kapu karibu na mlango. Waliweka machicha humo, yaani ule unga wa kahawa uliokwisha kutumika, wakiwapa watu bure watie kwenye maua. Nilichukua mfuko kwa ajili ya asmini yangu ya darini. Nilipoufungua, harufu ikanipiga. Bado ni kahawa hii, nikasema moyoni. Si haramu. Si sumu. Nani atajua?

Nikayaanika darini juu ya jamvi. Nikayapitisha kikaangoni yawe meusi tena. Nikachanganya kidogo na buni zetu, nikazidisha tangawizi na karafuu kufunika uchovu wake. Alfajiri nikaonja. Haikuwa njema! Ilikuwa kama mkaa uliolowa. Baba akaniuliza...

Nikamwambia ni njema.

Nilijiambia ni kwa wiki moja tu, mpaka buni zishuke bei. Wiki ikawa mwezi. Kidogo kikawa nusu, nusu ikawa zaidi ya nusu. Na niseme kweli yote, maana nimekuja kuungama: niliona raha. Kutwanga kulipungua, mgongo ukapumzika, na baba alicheka tena. Nilimtukana mwenye duka mchana, jioni nikabeba uchafu wake kuja kuwauzia watu waliomkimbia! Mimi ni mtu gani?

Asubuhi moja Mzee Twahiri, rafiki wa baba tangu chuo cha Kurani, alikiweka kikombe chini. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha, nasikia kila neno. Alimwambia baba kwa upole kwamba kahawa hii siku hizi ina jambo, na kwamba watu wananong'ona. Kama mambo yamebana, aseme asaidiwe, asiwachanganyie.

Maskini baba yangu! Hakuweza kuonja akajua. Alichokuwa nacho ni neno langu tu. Alisimama mbele ya watu wote akasema, "Wallahi, billahi, tallahi, kahawa yangu haijachanganywa na kitu!"

Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Ningefungua dirisha nikasema, "Baba, usiape!" Ningekohoa tu, angegeuka. Mimi mwenye mdomo mtaa mzima... nilikaa kimya. Mzee Twahiri akaomba radhi kwa kumdhania vibaya, akanywa kikombe chake mpaka mwisho.

Za mwizi arubaini. Siku ya pili yake, mteja mmoja alitema kitu mkononi. Kipande cha karatasi ya sukari, zile za vijipakiti, chenye picha ya lile duka! Nilichuja vibaya. Watu walikipitisha mkono kwa mkono. Mmoja akaangua kicheko, akauliza kumbe mzee anauza makapi ya jirani? Hakuna aliyegombana. Waliondoka mmoja mmoja bila kuaga, na hilo lilimuuma baba kuliko matusi.

Akaingia ndani. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Ni kweli?" Nikaanguka miguuni mwake, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Umenisikia naapa." Basi. Akatoka kwenda msikitini.

Imamu alimwambia hana dhambi, maana aliapa akiamini ni kweli. Akitaka kutuliza roho, alishe maskini kumi. Baba akamuuliza awalishe kwa pesa zipi? Zile za machicha? Akasema atafunga siku tatu badala yake.

Wasomaji, baba alikuwa na ugonjwa wa sukari! Daktari alikwisha kumkataza kufunga, hata Ramadhani. Nilimlilia. Nilimwita Mzee Twahiri amlilie. Hakukubali. Tena hakukaa ndani. Alizunguka kwa miguu katika jua la kaskazi, nyumba kwa nyumba, kuwaomba wateja radhi. Ganjoni siku ya kwanza, Buxton ya pili, Kizingo ya tatu. Kila mlango alisema kosa ni lake. Jina langu hakulitaja hata kwa mtu mmoja! Nililijua hilo kwa Mzee Twahiri, aliyekuja kuniambia huku analia.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, alianguka Kizingo kwenye lango la mteja. Walimpeleka hospitali kwa gari lao.

Alipozinduka aliniita nikasogea. Nikamwomba radhi. Akaweka mkono kichwani pangu akasema, "Radhi yangu unayo, duniani na akhera." Nililia kwa furaha, jamani. Nilidhani yamekwisha. Nilikwenda nyumbani nikampikia uji wa mtama, nikautilia tui.

Nilipomfikishia, alikitazama kikombe. Kisha akamwita muuguzi aliyekuwa akihudumia kitanda cha pili. Akamwambia taratibu, bila hasira wala kunisuta, "Mwanangu, hebu nionjee huu kwanza."

Muuguzi akaonja, akasema ni mzuri. Ndipo baba akanywa, tena kutoka mkononi mwa yule muuguzi. Mimi nilisimama pale na kifuniko mkononi. Hakukusudia kuniumiza. Alishindwa tu kuniamini, na hakuwa na ulimi wake mwenyewe wa kumsaidia.

Alifariki kesho yake, kabla ya adhuhuri.

Duka moja kati ya yale mawili limefungwa sasa, limeshindwa na mwenzake. Lililobaki limejaa kutwa. Siwalaumu. Wao waliuza kahawa yao mbaya kwa jina lao wenyewe. Mimi niliuza uchafu kwa jina la baba.

Ndugu zangu wasomaji, mwenye mzazi asiyeona, asiyesikia, asiyesoma, anayekuuliza wewe akaamini utakalomwambia... nakuombeni kwa jina la Mungu, mwambieni kweli, hata kama kweli hiyo itafunga biashara. Na kama umekwisha kudanganya, usingoje aape. Toka nyuma ya dirisha leo. Mimi radhi nilipewa, namshukuru Mungu. Lakini kila nikipika chakula, namwona baba akimwita mtu mwingine aje aonje.