Sawa ya Pili

Neno lilitoka kabla Dorcus hajamaliza kusoma.

"Sawa," ilisema sauti ya Kiptanui kwenye spika ya kompyuta.

"Ai, Kiptanui, hata sijafika mwisho."

"Sawa."

Dorcus alicheka, akaendelea. Mtu anayekaa Kipkelion na ng'ombe wanamngoja, haraka yake inaeleweka.

Kazi yao ilikuwa ya kuchosha macho. Kampuni moja ya Nairobi ilitaka kuandika programu ya kuendesha chipu ya picha, ile inayochora kila kitu kwenye skrini, na kwanza ilibidi maelezo ya chipu yakaguliwe: kila chumba kidogo cha kumbukumbu, kazi yake, na nani anaruhusiwa kuingia. Walikagua kwa mdomo, yeye akiwa Kapsoit na mwenzake huko kwao. Zikisemwa sawa mbili, chumba kimepita. Dorcus alikuwa amezoea hata akamwambia muuza maziwa "sawa" kabla ya kutajiwa bei. Kawaida ni kama sheria.

Mama yake, Monicah, aliyechuma chai maisha yake yote mpaka magoti yakamkataa, alilala chumba cha nyuma. Mchana kutwa alimtania bintiye kupitia ukutani. "Hiyo kompyuta itakuoa lini?"

Jumatano mchana ukungu ulishuka ukafunika mashamba ya chai, na redio ya jirani ikanyamaza. Zamu ya kusoma ilikuwa ya Kiptanui. Harufu iliingia, ya majani yaliyooza ndani ya gunia, na chini yake ya nywele zilizoungua. Sauti ilisoma polepole, bila kuvuta pumzi.

"Chumba cha rangi. Kusoma tu."

"Sawa."

"Chumba cha kivuli. Kusoma na kuandika."

"Sawa."

"Chumba cha nyuma. Kitanda kimoja, mwanamke mmoja. Kuingia kunaruhusiwa."

"Sawa," alisema Dorcus.

"Sawa," ilijibu sauti, na laini ikakatika.

Ndipo alipoelewa alichokipitisha. Ng'ambo ya ukuta kitanda kililia, kama kimekaliwa na mtu mzito.

"Mama?" alinong'ona.

Alitembea akiushika ukuta kwa kiganja, na kadiri alivyokaribia mlango ndivyo harufu ilivyozidi kumkaba, na nyuma ya mlango akasikia mwanamume akinong'ona, akitaja viungo vya mtu kimoja kimoja, goti, mbavu, koo, na baada ya kila kiungo akijijibu mwenyewe sawa, na alipousukuma mlango hakukuwa na mwanamume yeyote, ila Monicah ameketi wima amekunja magoti yale yale yaliyokuwa hayakunjiki, macho yamegeuka meupe, midomo ikienda.

Dorcus alikimbia akamleta jirani yao Mongina, kiongozi wa maombi kanisani. Mongina aliomba mpaka koo likamkauka.

"Toka, pepo! Nani alikuingiza?"

"Wawili walisema sawa," ilijibu sauti kinywani mwa Monicah. "Hao wawili wanikatae, nitatoka."

"Mpigie huyo mwenzako," Mongina alinong'ona. "Fanya haraka, Mama Dorcus anapoa mikononi mwangu."

Simu iliita sana, ikashikwa. "Kiptanui, sema tu umekataa! Ile sawa ya leo, sema umeikataa!"

"Sawa gani, Dorcus? Sisi huku stima ilipotea Jumapili, mti uliangukia waya. Simu ndio nimechaji sasa hivi kwa jirani. Wiki hii sijafanya kazi kabisa."

Basi sawa ya pili jini lilikuwa limejisemea lenyewe, na haliwezi kuombwa lijikatae. Mongina alifunga Biblia, akaketi sakafuni. Pumzi za Monicah zilikuwa zikipungua.

"Nitamwacha huyu," ilisema sauti, kwa upole uliotisha kuliko ukali. "Nipewe chumba kingine. Mwanamke mmoja, bado kijana. Kuingia kunaruhusiwa."

"Usijibu, Dorcus! Usifungue mdomo!"

Dorcus aliitazama ile mikono iliyobeba kikapu cha chai mvua na jua ili yeye asome. Alikuwa akiogopa mno, lakini alimpenda mama yake kuliko alivyoogopa.

"Sawa," alisema, na safari hii alijua anachokisema.

"Sawa."

Harufu ilikatika palepale. Monicah alipepesa macho, akamshika bintiye mkono, na kiganja chake kilikuwa na joto. "Nyathina, mwanangu, mbona mnaniangalia hivyo? Kwani nyumba hii hakuna chai?"

Mongina alipiga magoti akimshukuru Mungu kwa vigelegele, naye Dorcus akamkumbatia mama yake, akaangua kilio cha furaha.

Simu ilikuwa bado wazi kitandani.

"Dorcus?" Kiptanui aliita. "Dorcus, huyo mwanamume anayelia hapo ni nani?"