Siki Haimuui Mnyoo wa Kibua

Jumapili asubuhi Yoshinori alirudi kutoka kuvua gatini, ndoo imejaa vibua. Alikuwa anacheka peke yake.

"Mama Chinatsu, leo hatuendi hotelini! Sushi ya siku ya kuzaliwa ya mama yangu natengeneza mwenyewe."

Mkewe, Fusako, alichungulia ndoo. Roho yake ilisita.

"Kibua mbichi? Hotelini wanajua namna ya kumwandaa. Sisi je?"

"Namlaza kwenye chumvi, halafu kwenye siki. Siki inaua kila kitu. Mimi nimezaliwa pwani hii, bibi wee. Wewe umeletwa na treni!"

Fusako, mtu wa milimani, alikasirika. Akaenda kuosha mchele.

Mchana Yoshinori alikata samaki waliotoka kwenye siki huku akionja kipande baada ya kipande. Jioni sahani iliwekwa mezani. Vipande vya samaki viling'aa juu ya wali. Mama mkwe wa Fusako alishika vijiti vyake vya kulia. Chinatsu, binti yao mdogo, alikuwa anameza mate.

Ghafla Yoshinori akajikunja.

"Tumbo! Linanikata!"

Jasho lilimtoka.

"Njaa hiyo," alisema mama yake. "Kula, mwanangu." Naye akainua kipande kuelekea mdomoni.

Fusako aliwaza haraka. Aliyekwisha kula samaki ni mmoja tu, na ndiye anayeumwa. Lakini ampokonye mama mkwe chakula, siku yake ya kuzaliwa?

"Mama, weka chini!"

Akaivuta sahani. Wali ukamwagika mezani.

"Hee! Leo ndiyo unanipokonya tonge?" mama mkwe alimaka.

"Nitukane kesho, mama. Leo usile. Na wewe Chinatsu, usiguse!"

Alimkimbilia jirani yao, mzee Iwase, mpishi wa sushi aliyestaafu. Iwase akawasha gari, wakamkimbiza mgonjwa hospitali. Daktari alimpitishia mdomoni hadi tumboni mpira mwembamba wenye kamera. Akamtoa mnyoo mweupe kama uzi, bado anajinyonganyonga.

"Lakini tulitia siki!" Fusako alimwambia Iwase ukumbini.

"Siki haimuui huyu, mama. Chumvi nayo haimuui. Anakaa matumboni mwa samaki. Samaki akifa, anahamia kwenye nyama. Hata samaki wa leo leo anaweza kuwa naye."

"Sasa tufanyeje?"

"Toa matumbo mara tu ukimvua. Kisha mgandishe. Friza kali ya hotelini, siku nzima inatosha. Ya nyumbani haina baridi hiyo, kwa hiyo mwache siku mbili au zaidi, agande mpaka ndani. Kama huna friza, mpike aive kabisa."

Wiki iliyofuata Yoshinori alivua tena. Alitoa matumbo palepale gatini. Vibua wakalala kwenye friza siku tatu, ndipo wakaingia kwenye siki. Wote wanne walikula, wakalala salama.

Asubuhi Fusako alimkuta mama mkwe amepiga magoti mbele ya picha ya marehemu mumewe. Alikuwa amemwekea kipande kimoja cha sushi.

"Kila msimu wa vibua ulikuwa unagaragara na tumbo hivi hivi kama mwanao," alimwambia marehemu, machozi yakimtoka. "Nami nikakununia, nikidhani ni pombe. Nisamehe, mzee wangu. Haikuwa pombe."