Mwito wa Mara Moja

Yaliyomfika Masouda yalianza mchana mweupe, siku ya Ijumaa, nyumba imejaa watu na sahani za biriani ndiyo kwanza zinaondolewa. Jirani zake wa mtaa wa Azaiba wanayajua, wengine walikuwemo.

Masouda alikuwa na kitu kimoja alichokichunga kuliko dhahabu zake: ujumbe wa sauti wa marehemu mama yake, Bi Jawaher, uliobaki kwenye simu. Haukuwa na maneno mengi. "Masouda. We Masouda. Ukirudi niletee tui." Sauti nyingine ya mama yake hakuwa nayo.

Bi Jawaher hakupata kumwita mtu mara moja. Mwiko huo wazee wao walitoka nao Unguja walipohamia ng'ambo, na hawakuuacha njiani: binaadamu huita mara mbili. Anayeita mara moja akanyamaza, usimwitikie, humjui ni nani. Watoto wa nyumba ile walifunzwa hivyo kabla hawajafunzwa alifu.

Hisham, mtoto wa dada yake, alikuwa ameiomba simu ile mwezi uliopita. Kazi yake kijana huyo ni kuhariri filamu.

"Nipe nikusafishie, khalati. Mlio wa feni unaifunika sauti ya bibi. Nnakuapia, haitoki mkononi mwangu."

Masouda akampa. Damu yake, angemkatalia vipi?

Sasa Hisham alisimama mbele ya televisheni, akiwaonyesha trela ya filamu ya kutisha aliyoihariri.

"Tazameni," alisema. "Hapa mlango unafunguka polepole, na simwonyeshi mtu. Chini nimetia mngurumo mdogo. Sikio haliusikii, kifua kinausikia. Kisha nnakata kila kitu. Kimya. Mtu akishajua kuna kitu kinakuja, hujitisha mwenyewe."

"Mimi unanitisha kwa hilo shati lako," alisema Bakhita, mama yake, na watu wakacheka.

Mlango ukafunguka kwenye kioo. Ukumbi mtupu. Mngurumo. Kicheko kikafifia. Kimya.

"Masouda."

Ilikuwa sauti ya mama yake. Imepunguzwa mwendo, imetiwa mwangwi, kama inatoka kisimani. Kioo kikawa cheusi.

"Labeka," alisema Masouda.

Ulimi ulitangulia. Miaka hamsini ya kuitika haingoji akili.

Hakuna aliyecheka isipokuwa mjukuu wa Bakhita, mtoto mdogo mwenye mafua. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwito wa pili uko wapi?" Masouda aliuliza.

Hisham alitazama zulia. "Nimeukata, khalati. Akiita mara mbili, ni mama anamwita mwanawe. Mara moja ndiyo inatisha."

"Uliniapia."

"Nlijua nikikwambia utakataa."

Masouda hakumgombeza. Alinyoosha mkono akachukua simu yake, aliyokwisha kurudishiwa, akaufungua ujumbe wenyewe. Alitaka kumsikia mama yake mzima, kama alivyomwacha.

"Masouda."

Kisha kimya. Hata feni haikusikika.

"Huo mimi sijaugusa," Hisham alinong'ona. "Nlichukua nakala tu. Wallahi."

Ujumbe uliendelea. Ulikuwa wa miaka mitatu nyuma. Ndani yake mwanamke aliitika.

"Labeka."

Sauti ya Masouda. Nyuma yake mtoto alicheka, akakohoa.

Mjukuu wa Bakhita hajatimiza miaka miwili.

Kisha, ndani ya simu, mlango ukafunguka. Polepole.

Wote waligeuka kukitazama chumba cha marehemu, mwisho wa ukumbi. Masouda alikifunga kwa ufunguo tangu siku ya maziko. Mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyeuona ukifunguka.

Trela ilifutwa. Hisham aliomba radhi, na Masouda akampa, kwa ulimi. Ujumbe ungali kwenye simu, anayetaka husikilizishwa: kuna mwito, kuna labeka, kuna mtoto, kuna mlango. Tui halipo tena.

Na siku nyingine, akiwa jikoni peke yake, jua limejaa dirishani, Masouda humsikia mama yake anamwita. Mara moja. Huweka kisu chini, akauma midomo, akangoja mwito wa pili, maana huo ukija ataitika.

Haujaja bado.