Mayai ya Chini ya Meza

Kila alfajiri kabla ya shule, namsaidia mama kuoka keki za kuuza. Yeye anachanganya sukari na siagi, mimi napasua mayai. Tulikuwa tukiyanunua sokoni kwa Tabasamu, muuza mayai ambaye kila mteja kwake ni shemeji. Mezani aliweka mayai ya kukaanga. Chini ya meza aliweka trei nyingine, nusu bei, akiyaita “mayai ya keki.” Waoka keki wote walinunua hayo.

“Yana harufu kidogo, shemeji,” alimwambia mama, “lakini vanila inaimaliza.”

Inaimaliza! Inaificha tu, mwongo mkubwa yule!

Siku moja mdogo wangu, ambaye hakosi kulamba bakuli la unga mbichi wa keki, alianza kutapika na kuharisha mpaka akalegea. Zahanati walimtundikia maji. Daktari alipouliza amekula nini, mama aliyataja yale mayai, kisha akaniacha na mgonjwa na kwenda moja kwa moja kwa bwana afya. Huyu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukagua vyakula sokoni, na wauzaji walikuwa wakimcheka.

Siku hiyo hawakucheka. Jirani yetu aliyekuwepo alinisimulia yote. Bwana afya alijaza ndoo maji, akatumbukiza mayai ya chini ya meza. Karibu yote yakaelea.

“Yameoza haya,” alisema.

“Lakini ni ya keki, bwana!” Tabasamu alilalamika. “Hayaliwi hivihivi.”

“Kwani keki zinaliwa na ng'ombe?” mama alifoka. “Mwanangu yuko kitandani!”

“Basi pasua moja uonje, shemeji,” bwana afya alimwambia.

Tabasamu akageuza uso. Mayai yake yakamwagwa shimoni, meza ikafungwa, naye akapelekwa mahakamani. Mama akabeba keki zake zote za asubuhi ile, akazimwaga katika shimo lilelile. Waoka keki wenzake walishika vichwa.

“Utauza nini leo, dada?”

“Sijui. Lakini hizi siuzi.”

Mdogo wangu aliporudi nyumbani, aliuliza bakuli liko wapi. Tukacheka, ila mama hakucheka.

“Wanangu, rahisi ni ghali,” alisema. “Tabasamu alijua, akauza. Mimi nilisikia harufu, nikanunua. Chakula usichoweza kumpa mwanao, usimuuzie mtoto wa mwenzio.”